DANIELI ALIOMBA APIMWE
Somo: Danieli 1:8-16



Danieli na wenzake watatu walipelekwa Babeli mateka. Hawakuchagua nchi wala meza ya kulia. Lakini Danieli aliomba wapewe mboga na maji kwa siku 10, kisha wachunguzwe. Hakutaka kukonda, Neno linatuambia walinawiri kuliko wenzao. Na hakufanya kwa siri: alimwomba aliyewasimamia.

Wengi wetu tuliotoka Masisi na Rutshuru tulizoea kupanda milima na jembe begani. Hapa Gisimenti tunakaa kutwa, na kinachoshibisha kwa bei ndogo ni fufu, mandazi na chai ya sukari. Jioni harufu ya brosheti inatuita, na Fanta juu yake. Uzito umeongezeka, na ugonjwa wa sukari umeingia nyumbani mwetu. Tena, kwa kuwa tulikimbia vita tukiwa tumekonda, tunaona unene ni baraka, na anayepungua tunamsengenya. Tuache hayo!

Kuna tumaini. Uingereza, mwaka 2017, yalitolewa matokeo ya uchunguzi uitwao DiRECT, wa watu 306 wenye uzito mkubwa na kisukari cha aina ya pili, wasiotumia insulini. Nusu yao walipewa chakula kidogo sana kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida polepole. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 wa kundi hilo hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Lakini walisimamiwa na wahudumu wa afya, na dawa zao zilisimamishwa kwa mpango.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiache dawa kwa sababu umeombewa. Anayetumia insulini au glibenclamide akifunga kula, sukari yaweza kushuka ghafula: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia, hata kufa. Ukiona dalili hizo na bado unaweza kumeza, kunywa maji ya sukari mara moja. Mungu hakasiriki ukifungua. Kabla ya mfungo au kupunguza chakula, mwone muuguzi wa kituo cha afya.

Nyumbani tuanze hivi:

1. Nusu ya sahani iwe lengalenga, kabichi au matembele. Robo maharage au ndagala. Robo fufu au viazi.

2. Mafuta tuyapime. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120.

3. Maji badala ya Fanta. Chupa ndogo ya soda ina zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko 7 vya chai au zaidi.

4. Tutembee. Tangu 2016 Kigali ina Jumapili za kufunga baadhi ya barabara kwa magari ili watu wafanye mazoezi, na huko watu hupimwa sukari bure.

Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, mwili unaanza kupata nafuu.

Mwisho, akina mama na akina baba: Danieli hakula mboga peke yake, walikuwa wanne. Mgonjwa asipikiwe chungu chake pembeni kama aliyeadhibiwa. Nyumba nzima ile pamoja naye.

Mungu awabariki. Amina.