Mgonjwa Anaposema: "Niacheni"

Tumfikiri mvuvi wa Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, aliyepatwa na kansa isiyoponyeka. Mkewe humletea ugali na ndagala. Wajukuu huja kumwamkia. Lakini yeye hugeukia ukutani, hukataa chakula na dawa, husema: "Niacheni nife." Muuguzi afanyeje? Wengi husema: "Liheshimuni neno lake. Nani asiyehuzunika kifo kikikaribia?" Jibu hilo laonekana kuwa la huruma. Tulipime, tuone kama ni la haki pia.

Yatupasa kwanza kupambanua mambo mawili. Yako majonzi ya kuiaga dunia, nayo si ugonjwa. Mwenye majonzi hulia, lakini mjukuu akija hutabasamu. Bado hungoja kitu, hata kama ni habari za uvuvi wa jana usiku tu. Iko pia sonona, ugonjwa wa kweli, ambao humnyang'anya mtu furaha yote kwa majuma mawili au zaidi. Mwenye sonona hujiona hana thamani, hujilaumu pasipo kosa, hudhani amekuwa mzigo tu kwa jamaa zake. Wa kwanza ahitaji mwenzi. Wa pili ahitaji mwenzi na matibabu pia.

Hapa ndipo penye ugumu. Kukosa usingizi, kukonda na kuchoka ni dalili za sonona. Lakini kansa nayo huleta hayo hayo. Muuguzi asiyefundishwa huyahesabu yote kuwa kazi ya ugonjwa wa mwili, akapita. Aliyefundishwa huzitazama dalili za moyo, tena huuliza bila kuogopa: "Je, siku hizi una huzuni muda mwingi? Kuna jambo ambalo bado lakufurahisha?" Mwaka 1997 daktari Harvey Chochinov na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba hata swali moja la wazi husaidia kuitambua sonona kwa watu wanaokaribia kufa. Swali hilo si hukumu ya mwisho, ni mlango. Wala mgonjwa hatajibu kwa maneno ya vitabu. Huenda akasema: "Nina mawazo mengi", au: "Moyo umechoka". Mwenye sikio lililofundishwa hutambua.

Labda mtu atasema: "Hiyo ni kazi ya madaktari wa akili, nao ni wachache." Tunajibu: katika Masaka na Rakai, nchini Uganda, wenyeji wasio madaktari walifundishwa kwa majuma mawili, kisha wakaongoza vikundi vya mazungumzo vya wenye sonona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba ugonjwa ulipungua sana. Wale hawakuwa wagonjwa wa kufa. Lakini tumejifunza kwao kwamba kazi hii yafundishika. Na mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizihimiza nchi ziingize utunzaji wa wagonjwa wasioponyeka katika mafunzo ya wahudumu wa afya.

Sasa turudi kwa neno la mvuvi. Neno la mgonjwa lastahili heshima. Lakini heshima yataka kujua limetoka wapi. Likitoka katika sonona, au katika maumivu yasiyotulizwa, kulitii kwa haraka ni kumtupa mtu huku tukijisifu kwamba tumemheshimu. Basi maumivu yatulizwe, sonona itibiwe. Wala tusikawie, maana dawa za sonona huhitaji majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi. Baada ya hayo, akiwa na akili timamu, akikataa tiba inayomchosha bure, neno hilo ni lake kweli. Tusimwite mwenda wazimu.

Je, muuguzi aliyepita bila kutambua ana hatia? Asiyefundishwa halaumiwi kama yule aliyejua akafumba macho. Lawama huwarudia waliomtuma mikono mitupu, hali waliweza kumfundisha. Tena wafundishwe pia jamaa wanaokesha kando ya kitanda, maana wao ndio wa kwanza kuona kwamba mzee hauulizi tena wavu wake.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi anayekilalia na aulizwe, na anayemwuliza awe amefundishwa kusikia jibu.