Kofi la njiani

Josphat Mwenda alikuwa mwendeshaji bodaboda. Aprili 2015 alisimamishwa na polisi wa utawala, jambo ambalo watu wa boda wamelizoea kama vumbi la barabara, na safari hii akaondoka na jeraha la risasi mkononi. Angenyamaza, pengine mkono ungepona, angerudi kwenye steji, na sisi wengine tusingelijua jina lake. Lakini alifanya jambo ambalo wengi wa hali yake hawathubutu kulifanya. Alishtaki. Alipeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, na akapata wakili, Willie Kimani wa shirika la International Justice Mission.

Malipo yake yakawa kesi za kusingiziwa. Tarehe 23 Juni 2016, yeye, wakili wake na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka katika mahakama ya Mavoko na hawakufika nyumbani. Walishikwa, wakafungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, na baada ya siku chache miili yao ikaopolewa mtoni, ndani ya magunia, kule Ol Donyo Sabuk. Ilichukua miaka sita kabla Jaji Jessie Lessit hajamtia hatiani Fredrick Leliman, polisi yule yule aliyemjeruhi Mwenda, pamoja na polisi wenzake wawili na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Februari 2023 Leliman alihukumiwa kifo, na wale wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Mkasa wote huo, toka barabarani hadi mtoni, ulitokea ndani ya Kaunti ya Machakos. Ukitajwa siku hizi, watu huzungumzia mto na magunia. Mimi fikira zangu hurudi pale Mwenda alipoambiwa asimame. Watu wanne hawakuhukumiwa kwa sababu ya jambo lililoanza likiwa kubwa. Lilianza kama kero ya kawaida ambayo siku hiyo hiyo ingeweza kumalizwa na mkubwa mmoja wa kituo kwa kumwita askari wake, kuandika taarifa na kumpeleka majeruhi hospitali.

Anayetembea kwa miguu yuko hatarini zaidi hata ya mwendesha boda. Hana nambari ya usajili, hana chama cha steji kitakachokuja kumuulizia, na mara nyingi hana shahidi. Ni kijana aliyefunga kibanda saa tatu usiku, ni mpishi wa hoteli anayerudi chumbani kwake Mjini au Eastleigh yetu hii ya Machakos, ni mfanyakazi wa kiwanda cha Athi River anayetembea kwa sababu nauli imeisha. Landikruza ya polisi inasimama kando yake. Unatoka wapi? Kitambulisho kiko wapi? Mbona unatetemeka? Akijibu haraka anaambiwa ni mjeuri, akijibu polepole anaambiwa ni mlevi. Kisha linakuja kofi, au rungu la magoti, au anasukumwa ndani ya gari na kuzungushwa mjini mpaka atoe alicho nacho. Asubuhi yuko kazini na sikio linavuma, na akiulizwa anasema aliteleza.

Kwa nini aseme aliteleza? Fuateni njia ambayo angepaswa kuipita. Ili alalamike anahitaji kuandikisha taarifa na kupewa nambari ya OB, na OB, kitabu cha matukio, kiko kituoni. Anahitaji fomu ya P3 ijazwe na daktari, na fomu hiyo hutolewa na polisi. Anahitaji jina la aliyempiga, ilhali usiku ule hakuona jina kifuani wala nambari. Akitaka kwenda IPOA wenyewe, ofisi yao kuu iko Nairobi, na siku ya kwenda Nairobi ni siku bila mshahara. Basi anahesabu, anaona kofi ni rahisi kuliko haki yake. Nani atamlaumu, hasa akikumbuka yaliyompata Mwenda aliposhtaki?

Sheria yenyewe haina kasoro ya kukosa maneno. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu itumike tu pale njia hizo zimeshindikana. Nguvu hiyo lazima ilingane na uzito wa kosa na ukinzani wa mtu. Aliyejeruhiwa apewe matibabu. Askari mwenye sare avae jina au nambari yake mahali panapoonekana. Na mdogo hawezi kujitetea kwamba alitumwa na mkubwa kufanya lisilo halali. Katiba nayo, Ibara ya 49, inasema mtu aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Wapimeni kwa kipimo hicho wale wanaolala seli kila Ijumaa hadi Jumatatu kwa kuwa walikutwa njiani.

Tabia hii ya kumsimamisha mtu njiani ina umri mrefu kuliko Katiba. Machakos ilikuwa kituo cha Waingereza tangu 1889, wakati Nairobi bado ilikuwa kinamasi. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanamume Mwafrika akalazimika kutembea na karatasi zake ndani ya kopo la chuma lililoning'inia shingoni. Kazi ya askari njiani ikawa kumsimamisha mtu mweusi na kumtaka athibitishe kwamba ana ruhusa ya kuwa mahali alipo. Sheria ya uzururaji, nayo ya ukoloni, tuliibeba mpaka 1997 ndipo ikafutwa. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Karatasi zimebadilika, ila swali la usiku ni lile lile, na mikono inayoliuliza imerithi uzito ule ule.

Sisemi haya kwa chuki dhidi ya polisi. Hapa Ukambani ni vigumu kuwachukia polisi, maana nyumba nyingi zimetoa mtoto aliyeingia polisi au jeshini, tangu enzi za King's African Rifles. Mjomba wangu, marehemu sasa, alivaa sare mpaka alipostaafu. Aliishi nusu ya chumba kilichogawanywa kwa pazia, na familia nyingine upande wa pili, na alijua uchungu wa kuagizwa bila kuelezwa. Aliniambia mara moja, tukiwa shambani, kwamba ukimsimamisha mtu usiku yeye anaogopa na wewe unaogopa, basi mwenye bunduki ndiye anayepaswa kuumeza woga wake kwanza. Alikuwa na mazoea ya kumsalimu mtu kabla ya kumuuliza lolote. Mzee alimwamkia shikamoo, mwanamke alimwita mama. Alisema salamu humpa askari nafasi ya kumtazama mtu usoni, kusikia sauti yake, kujua kama amelewa au amechoka tu. Nimesoma mengi kuhusu mageuzi ya polisi tangu wakati huo, na bado sijaona funzo lililo bora kuliko hilo.

Mwaka 2020 tuliona nini hutokea salamu ikiondolewa kabisa. Kafyu ya korona ilianza Machi 27, na jioni hiyo hiyo watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni walipigwa na kurushiwa gesi ya machozi. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi. Kufikia Juni, IPOA ilikuwa ikihusisha vifo 15 na polisi tangu kafyu ianze. Mwaka uliofuata, Agosti 1, ndugu wawili wa Kianjokoma kule Embu, wa miaka 22 na 19, walikamatwa wakirudi nyumbani kutoka kwenye biashara yao. Familia iliwakuta mochari. Polisi walisema vijana waliruka kutoka kwenye gari likienda. Maofisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Kosa lenyewe lilikuwa kuchelewa.

Nasi raia tuna mkono wetu katika haya. Video ya mlevi akizabwa kofi na askari hupita katika makundi yetu ya WhatsApp ikifuatwa na vicheko, na mtu mzima anaandika kwamba amefunzwa adabu. Tumekuzwa na usemi wa mwenye nguvu mpishe, tukauchukua kama busara ya kupitisha siku. Sikubaliani nao hata kidogo inapohusu serikali. Mtu mlevi ana haki ya kupelekwa mbele ya hakimu akiwa na meno yake yote. Tukishakubali kwamba huyu anastahili kofi kwa kuwa ananuka pombe, tumempa askari kazi ya hakimu pale barabarani, gizani, bila mwendesha mashtaka wala wakili wala rufaa. Kesho atakayehukumiwa hivyo atakuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos anayetoka maktaba, na vicheko vitageuka kuwa maandamano.

Naamini pa kuanzia ni pale kofi bado ni kofi. Mkuu wa kituo asome OB kila asubuhi na amuulize kila askari wa doria jina la aliyemkamata na sababu yake. Hospitali ziandike jeraha kama zilivyolikuta, hata majeruhi akidai aliteleza. Na mahakimu, wakiwa Machakos mjini, Kangundo au Mavoko, Jumatatu asubuhi benchi linapojaa watu wa makosa madogo wa wikendi, wamuulize kila mmoja kabla ya kusomewa mashtaka: Je, ulipigwa? Na nani? Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017 tayari ipo. Swali hilo halingoji bajeti wala tume nyingine, na jibu lake likiandikwa katika faili la mahakama, yule kijana hatahitaji tena kwenda kuomba fomu kwa mtu aliyempiga.