Kayamba ya Chupa
Neno: Zaburi 150

Mwezi uliopita niliwaambia watoto wa Sande skuli kila mmoja alete shilingi 200 tununue matari. Nilipiga hesabu kama nilivyofunzwa chuoni, ikakubali. Jumapili iliyofuata viti vikabaki wazi. Mama mmoja akanivuta kando: "Pasta, wangu ameona haya kuja mikono mitupu."

Iliniuma. Zaburi inaita kila chenye pumzi, mimi nimeweka kiingilio mlangoni! Nikawaomba watoto msamaha.

Mzee wetu mmoja akatukumbusha kayamba ya Wamijikenda: matete yamefungwa pamoja, ndani mbegu. Nani aliinunua dukani? Basi tukachukua chupa tupu za maji, tukatia kokoto ndogo (mchele uacheni, bei mwaijua), tukabana vifuniko kwa gundi. Vizibo vya soda tukavitoboa kwa msumari, tukavitunga kwenye waya, tari ikapatikana. Kutoboa afanye mtu mzima, tafadhali.

Yule mtoto alirudi. Alipiga nje ya mdundo wimbo mzima, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jumapili hii, saa tatu, leteni chupa tupu. Pesa bakini nazo.