Sala Yenye Sharti

Vikao vyetu hapa Thika, viwe vya chama, vya wazazi shuleni au vya wapangaji wa ploti, hufunguliwa kwa sala, na mara nyingi sala hiyo ni Baba Yetu. Jirani zetu Waislamu wa Majengo huinamisha vichwa kwa adabu, wakangoja imalizike. Je, sala hii yaweza kuwa ya wote?

Ugumu upo, wala si haki kuuficha. Mwislamu hamwiti Mungu baba. Suratul Ikhlas inakana kwamba Mwenyezi Mungu amezaa au amezaliwa. Mzee anayeshika mila za Wakikuyu naye huelekea mlima Kirinyaga anapomwomba Ngai. Tukifuta kila neno linalomkwaza mmoja wetu, tutabaki na maneno yasiyomgusa yeyote.

Lakini tuitazame sala yenyewe. Aliyeifundisha alikuwa Myahudi akisema na Wayahudi, na mwanzo wake unafanana na Kadishi, sala ya kale ya watu hao. Inaomba jina la Mungu litukuzwe, riziki ya leo ipatikane, na maovu yatuepuke. Hakuna muumini asiyeyaomba hayo kwa lugha ya dini yake.

Kisha lipo ombi la msamaha, na hilo ndilo linalonishika kila mara. Katika Mathayo sura ya 6, mwombaji anajifunga mwenyewe: asamehewe kama anavyowasamehe wenzake. Sala inapokwisha tu, Yesu analirudia ombi hilo peke yake, akionya kwamba asiyesamehe hatasamehewa.

Sharti hilo Waislamu wanalo pia. Abu Bakar, swahaba wa Mtume Muhammad, aliapa kumnyima msaada jamaa yake maskini, Mistah, aliyeshiriki kumsingizia Aisha, binti wa Abu Bakar. Ndipo ikateremka aya ya 22 ya Surat An-Nur, ikihimiza kusamehe na kuuliza: je, hampendi Mungu awasamehe ninyi? Abu Bakar akaurudisha msaada. Nao wazee wa Kikuyu wanapoomba, kusanyiko huitikia "Thaai", yaani amani. Nani ataiombea nchi amani ilhali hasalimiani na wa mlango wa pili?

Viwanda na mashamba ya mananasi yameleta Thika watu wa kila kabila na kila dini. Tunakumbuka mwaka 2008, jinsi nchi yenye makanisa na misikiti kila kona ilivyozika watu zaidi ya 1,000 waliouawa kwa chuki za baada ya uchaguzi. Sala hazikukosekana, lile sharti ndilo tulilolitamka bila kulitimiza.

Basi kila mmoja amwite Mungu kwa jina alilofundishwa na wazazi wake, na sharti la msamaha tulibebe sote. Mwenyekiti, kabla ya kutusimamisha tuombe, atuulize kwanza kama wapo kati yetu waliokosana, na tuwape nafasi ya kupatana. Hapo Mkristo, Mwislamu na mzee wa mila wataweza kusema amina kwa jambo moja, bila yeyote kuiacha imani yake mlangoni.