Plasta ya Kinywani: Dharura ya Mgonjwa na Wajibu Wetu

Ndugu zangu katika imani, kidonda cha mguuni hufungwa bendeji. Cha kinywani hakifungiki: mate hukilowesha, ulimi hukigusa, kila tonge hukitonesha. Ndiyo maana wataalamu hutengeneza haidrojeli, ute mzito wenye maji mengi unaonata kwenye utando wa kinywa na kukifunika kidonda hadi kipone. Baadhi yake hutumia jelatini, na chanzo kikubwa cha jelatini duniani ni ngozi ya nguruwe. Je, Muislamu aipokee?

Swali hili ni zito kuliko la bendeji, kwa sababu kinachobandikwa kinywani huyeyuka kidogo kidogo kikamezwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilikataza jelatini ya nguruwe katika chakula. Wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliona imekwisha kugeuka kitu kingine, yaani istihala, hivyo ni tohara. Sisi watu wa pwani ni Shafi, na madhehebu yetu huubana mlango huo: pombe iliyogeuka siki yenyewe, ngozi ya mzoga iliyotengenezwa, lakini si ya nguruwe wala ya mbwa.

Mimi nafuata kauli ya madhehebu yangu. Lakini simhukumu mgonjwa. Huku kwetu Palma na Mocímboa da Praia, tangu vita vianze Oktoba 2017, vituo vya afya vimeharibiwa na watu wamekimbia makwao. Mtu asiyeweza kula kwa kidonda, akakuta dawa ni hiyo moja tu, aya ya 173 ya Suratul Baqara inamtosha. Yeye hana dhambi.

Basi lawama ni ya nani? Dharura hukaa pale tu mbadala unapokosekana, na mbadala unawezekana. Mwaka huohuo wa 2017 watafiti wa Harvard walitangaza gundi inayoshika nyama ya mwili hata yenye damu. Ndani yake mna aljineti, inayotokana na mwani, na kaitosani, inayopatikana katika magamba ya kamba. Mwani na kamba ni vya bahari yetu.

Kwa hiyo naona elimu hii ni fardhi kifaya: asipopatikana wa kuisimamia, tunaulizwa sote tuliokuwa na uwezo. Sisi wa masomo ya dini tusiishie kutoa hukumu juu ya vilivyotengenezwa na wengine. Tukae pamoja na wenzetu wa famasia na kemia. Na kuanzia leo, tumuulize muuza dawa: jelatini hii ni ya mnyama gani?

Wallahu a'lam.