Haki na Hati: *Mabepari wa Venisi* kwa Msomaji wa Soin

Je, mkataba uliokubaliwa kisheria waweza kuwa dhuluma? Swali hili ndilo kiini cha tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1600, ambayo Julius Nyerere aliifasiri na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*. Katika anwani ya asili mfanyabiashara ni mmoja, wala hatajwi kwa ubaya. Katika Kiswahili mabepari ni wengi, na miaka miwili baada ya Azimio la Arusha neno hilo lilikwisha kuwa hukumu. Kwa anwani hiyo, si Shylock peke yake ashtakiwaye. Antonio naye yumo.

Aghalabu mwanafunzi huelekezwa kuyatafuta maudhui ya tamthilia kongwe katika Ulaya ya karne ya 16. Hilo ni jambo la lazima, ila halitoshi, kwani kila msomaji husoma akiwa mahali fulani. Soin ni sehemu ya chini ya Kericho, yenye joto na miwa. Juu yake, penye baridi na mvua, yametanda mashamba makubwa ya chai katika ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis enzi za ukoloni. Unyang'anyi huo haukukosa hati. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu ardhi ikodishwe kwa miaka 999. Ile ya mwaka 1934 ikahalalisha kuhamishwa kwa ukoo wa Talai hadi Gwassi. Ni Katiba ya mwaka 2010 iliyoweka kikomo cha miaka 99 kwa mkodishwaji asiye raia.

Msomaji wa Soin anapofika penye onyesho la mahakama, Shylock akinoa kisu na kudai ratili yake ya nyama, humtambua mara moja: huyu ndiye mwenye hati. Portia anapoamua kwamba nyama ikatwe pasipo kumwaga tone la damu, msomaji hushangilia. Lakini onyesho haliishii hapo. Sheria ihusuyo mgeni anayetishia uhai wa raia inamgeukia Shylock. Anapokonywa mamlaka juu ya mali yake na kulazimishwa kuiacha dini ya wazee wake. Mwenye hati sasa anafanana na watu wa Talai: amefanywa mgeni na sheria asiyoitunga.

Hapa ndipo ugumu wa kimaadili ulipo. Portia anaomba huruma kwanza, nayo inakataliwa. Kisha anashinda kwa kuitafuta kasoro ya hati. Hasemi kwamba nyama ya mtu haiwezi kuwekwa rehani. Lau hati ingaliitaja damu, Antonio angalikufa kihalali. Haki inayotegemea upungufu wa maandishi humlinda mwenye wakili stadi, na kesho hiyohiyo humwangamiza asiye naye.

Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kiini cha madai yao ni uhalali wa kuwaondoa watu kwao, wala si ubora wa mwandiko wa hati. Swali hilo mahakama ya Venisi haikuliuliza. Mhakiki anayeifundisha tamthilia hii Kericho hana budi kuliuliza, naye aliulize kwa niaba ya Antonio na ya Shylock pia. La sivyo, atakuwa amembadilisha tu mshika kisu.