Kurudi na Kutubu: Tukimsoma Nabii Hosea Pwani ya Kismayu

Katika Kiebrania lipo tendo moja, shuv, lenye maana ya kurudi na pia maana ya kutubu. Nabii anapowaambia wana wa Israeli warudi, neno hilo peke yake halituelezi kama anawaita katika nchi yao au kwa Mola wao. Mara nyingi anawaita kote kuwili. Waarabu wana taba, lililotupa sisi toba, na wana thaba, kurudi, ambalo kwa asili yake limetupa thawabu. Na wajuzi wa lugha za Kisemiti huyahesabu yote matatu kuwa ya ukoo mmoja. Kiswahili kimetenga. Kwetu sisi mtu hurudi, au hutubu, na aweza kufanya moja bila ya jingine. Twaona ya kuwa kutenga huku si umaskini wa lugha, na twataka kulieleza jambo hili kwa kukisoma kitabu cha Hosea pamoja na habari za Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake.

Huenda msomaji akastaajabu. Wabajuni ni Waislamu, na jina la Hosea halimo katika Kurani. Hata hivyo, sikio la mtu wa pwani si geni katika kitabu hicho. Hosea alihubiri katika karne ya 8 kabla ya Kristo, katika ufalme wa kaskazini ambao mji wake mkuu, Samaria, ulitekwa na Waashuru mnamo mwaka 722. Aliamriwa amwoe Gomeri, mwanamke asiye mwaminifu, ili nyumba yake iwe mfano wa taifa lililomwacha Mungu na kuyafuata Mabaali. Wakazaliwa watoto watatu. Wa pili, binti, aliitwa Lo-ruhama, na wa tatu, mwana, Lo-ami. Lo ni la, yaani hapana. Ruhama ni wa shina moja na rehema. Ami, ambalo kwa Kiebrania ni "watu wangu", lina udugu na neno la Kiarabu la ndugu wa baba, nalo ndilo tunalolitamka kila tunapomwamkia ami. Basi katika masikio yetu mtoto yule aliitwa "Huna ami". Nani katika Koyama, Chovai au Chula asiyejua uzito wa jina kama hilo?

Mfano wenyewe una ukali ambao hatuupendi. Mwanamke anatishwa kuvuliwa nguo na kuaibishwa mbele ya watu, na waume wabaya wasikose kupata hoja humo. Lakini tuwatazame waliokuwa wakisikiliza: wafalme, makuhani na wenye mali, wanaume watupu, ambao nabii aliwaambia usoni kwamba mke yule mhaini ni wao.

Na uhaini wao haukuwa wa sanamu tu. Katika sura ya nne nabii anautaja kwa majina yake: kuapa uongo, kuua, kuiba, kuzini, damu kufuatana na damu. Kisha anasema kwamba kwa ajili ya hayo nchi inaomboleza, na wanyama, na ndege, hata samaki wa baharini wanaondolewa. Hapa twaomba msomaji asipite upesi. Samaki hawakuapa uongo. Wala Lo-ami hakuchagua mama yake. Nabii anajua vema ya kuwa dhambi hutendwa na huyu na huenda ikamwangukia yule.

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Makundi yenye silaha yakapita Kismayu na visiwani yakipora, na Wabajuni, wavuvi wasio na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwakinga, wakavuka kwenda Kenya. Wengi walikaa katika kambi ya Jomvu, Mombasa, hata ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadhi walirejeshwa visiwani. Wengine walitawanyika, hata Uingereza. Bahari waliyoiacha ilibaki bila mlinzi, na meli za kigeni zikaja kuvua bila ruhusa ya mtu.

Tumesikia ikisemwa, na wakati mwingine na watu wa dini, ya kwamba Wabajuni walifikwa na hayo kwa kuwa walilegea katika ibada. Kwamba uhamisho ni adhabu, na dawa yake ni toba. Wasemao hivyo huwataja manabii wa Israeli kuwa mashahidi wao. Sisi twasema huo ni ushahidi wa uongo. Hosea aliyasema ya watu wake, akiwa ndani ya aibu ile ile, na wenye nguvu ndio aliowashitaki. Anayelichukua neno lake akaenda kumpiga nalo aliyeporwa mashua amemgeuza nabii kuwa wakili wa mporaji. Mbajuni aliyerejea Chula amerudi. Hana lazima ya kutubia safari yake. Wa kutubu ni yule aliyekaa katika nyumba ya jirani yake mjini Kismayu, naye hakusafiri popote.

Lipo jambo jingine ambalo hutumiwa vibaya. Katika sura ya tatu Hosea anamkomboa mwanamke, ambaye wengi humchukua kuwa ni Gomeri yule yule, kwa vipande 15 vya fedha na kipimo cha shayiri. Aliyekosewa ndiye aliyelipa. Watu wa pwani wanaijua rejea: mume aweza kumrudia mkewe kabla eda haijaisha, nayo aya ya 228 ya al-Baqara inaweka sharti la kutaka suluhu. Basi husemwa, wanyonge nao wasamehe kwanza. Lakini katika mfano wa Hosea mlipaji anasimama mahali pa Mungu, mwenye uwezo wote. Hakuombwa mnyonge atoe shayiri yake.

Tena majina yalirudishwa kabla ya malipo hayo. Mwanzoni mwa sura ya pili watu wanaamriwa wawaite ndugu zao Ami na dada zao Ruhama. Ile Lo inaondolewa, na ndimi za ndugu ndizo zinazoamriwa kuiondoa. Wabajuni waliofika Uingereza katika miaka ya 2000 walipimwa kwa maswali na kwa kanda za sauti kama kweli ni Wabajuni, na wako waliokataliwa kwa kuwa Kiswahili chao kilifanana na cha Kenya, walikokulia kambini. Nyumbani Somalia nako wameambiwa mara nyingi ya kuwa wao si watu wa nchi ile.